Jibu Ambalo Sikulirudisha

Momanyi mwanangu,

Sitakuuliza u hali gani, maana kutoka hapa jikoni nakusikia ukifungua na kufunga zipu ya begi lako, na ukikohoa kile kikohozi chako cha vumbi. Mimi ni mzima wa mwili. Nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mboga ya chinsaga ya kesho nimeshaichambua, maji ya kuoga yako motoni, na nataka niwe nimemaliza kuandika kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Kesho hakuna kazi wala barua, na wageni wa kukuaga watajaa humu ndani tangu tutoke kanisani. Jumapili alfajiri utakuwa umepanda basi la Kigali kwenda kwenye kazi yako mpya. Kwa hivyo ni sasa.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia kuhusu chakula, wala wasichana, wala mahali pa kuficha simu ukisinzia safarini. Hayo shangazi zako wamekuambia mpaka ukaanza kuwajibu kabla hawajamaliza. Nataka kukuambia habari ya shamba. Unaondoka ukidhani kipande kilichobaki, hiki chenye migomba na saiga, nyumba yako ya ujana, kiko salama. Hakiko. Baba yako anakipeleka bodi ya ardhi Jumanne, kipate kibali cha kuuzwa. Yule mwenye duka la mabati pale Nyakoe, aliyechukua shamba la chai, anataka na hiki pia. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha, kwa sababu huku Sironga kuna shule nyingi na walimu wanatafuta pa kulala.

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo. Nimekwisha kulisema, moyo wangu unaweza kupiga polepole sasa.

Unakumbuka msimu wa mvua, ulipokuwa ukiitengenezea ile zahanati ya Kiogoro programu ya wagonjwa? Ulikuwa unakaa hapa hapa jikoni kwa sababu ndiko kuna joto, kompyuta juu ya gunia la mahindi, na mimi nikipukuchua maharagwe. Ulikuwa na tabia ya kunieleza kazi yako. Nikakuambia, "Mimi niliishia kidato cha pili, unanieleza nini?" Ukasema, "Wewe sikiliza tu, Mama. Nikieleza kwa sauti naona kosa liko wapi." Nikasema, "Basi ungemweleza mbuzi." Ukajibu, "Mbuzi haitikii." Na kweli nilikuwa naitikia. Mmh. Mmh. Eeh.

Siku ile ulikuwa umekasirika. Muuguzi akimwandikia mgonjwa dawa inayomdhuru, programu ilitakiwa imzuie. Ukanionyesha kwenye kioo cha kompyuta: onyo likatokea, jekundu, likasema hatari. Halafu muuguzi wako wa kuigiza akabonyeza sawa, na dawa ikaandikwa vile vile. Ukajaribu tena. Onyo, sawa, imeandikwa. Ukapiga paja.

"Inapiga kelele lakini inaruhusu!" ukasema.

Nikakuuliza ilikuwaje. Ukanieleza polepole, mkono mmoja ukichezea ganda la maharagwe. Ukasema mtu akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, programu haihifadhi papo hapo. Inakuja kwanza kwa mistari yako uliyoandika, inaiuliza, niendelee au nisiendelee? Mistari yako ikirudisha ndiyo, inaendelea. Ikirudisha hapana, inasimama pale pale. "Sasa mimi," ukasema, "nimeandika onyo, nimepaka rangi, kila kitu. Lakini mwisho sikurudisha kitu."

"Kwa hivyo imekwama ikingoja?"

"Haingoji, Mama! Hiyo ndiyo shida. Usiporudisha kitu inaendelea."

"Yaani mtu akinyamaza mnahesabu amekubali?"

"Si sisi. Ni mashine."

"Na mashine ilifundishwa na nani?"

Ukacheka mpaka ukaegemea ukuta. Baba yako alikuwa mlangoni akivua mabuti, akasema, "Momanyi, wacha kumfundisha mama yako, atakuja kuuliza na sisi maswali." Tukacheka wote watatu. Ilikuwa jioni nzuri. Nimekuwa nikiirudia kichwani kama mtu anayepapasa mfuko uliokuwa na kitu.

Ndipo ukanieleza ile habari nyingine, ambayo sikuisahau. Ukasema kuna mahali pawili programu inapokuita. Inakuita kabla ya jambo kutendeka, na hapo jibu lako lina nguvu. Na inakuita baada ya kutendeka, na hapo unaweza kurudisha hapana mpaka uchoke, hakuna anayelisoma jibu lako. "Ukiitwa baada," ukasema, "ni kupewa habari tu, ili labda uandike mahali, au umjulishe mtu."

Nikasema, "Kama mwanamke wa Kisii." Baba yako akacheka kushinda sisi wote.

Ulirekebisha kwa neno moja. Nilishangaa. Ulikuwa umeandika kurasa kwa kurasa, na kilichokosekana ni neno moja mwishoni.

Sasa nikuambie ya bodi ya safari ile, ya shamba la chai, maana hukuwepo, na hujawahi kuniuliza, na najua kwa nini. Jioni ya kuamkia siku ile uliniuliza pale kwenye kamba ya nguo, "Mama, ukiulizwa kesho utasema?" Nikasema nitasema. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeomba na kufunga. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa Kiswahili kizuri ili nisionekane mshamba: kwamba chai ile ilipandwa na mama mkwe wangu kwa mikono yake, kwamba tuna kijana mmoja na hajaoa, kwamba baba yake ana nia njema lakini biashara ya kubeba mizigo haijui.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Watu wanaingia, wanatoka, na harufu ya viatu vilivyolowa. Tukaitwa. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye mafua, akijifuta pua kila mara na kuomba radhi. Akasoma jina la baba yako, akasoma namba ya shamba. Akaniangalia.

"Mama yupo?"

"Nipo."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kuna mtu wa familia mwenye neno?"

Momanyi, hakunitisha mtu. Baba yako hata hakunitazama. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko mazishini, na nikaona ukosi wa shati lake, ule niliougeuza mwenyewe ulipochakaa. Nikafikiria, nikisema hapa, mzee huyu atatoka nje ya mlango huu akichekwa na wanaume wote walio kwenye benchi. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, nitasema mwenyekiti akimaliza kujifuta pua. Akamaliza. Akasema haya, asanteni. Nikasikia muhuri.

Tulipotoka baba yako alininunulia soda. Niliinywa.

Wewe ulipojua hukunifokea. Ulimwendea baba yako, nami nilikuwa nyuma ya nyumba nikasikia. Ukamwambia, "Mama hakukubali." Akakujibu, "Alikuwepo. Aliulizwa. Hakusema kitu." Ukasema, "Kunyamaza si kukubali, Baba." Akasema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, "Kijana, kwa bodi ni kitu kimoja." Ukanyamaza na wewe. Tangu hapo hujanieleza tena kazi yako. Unafanyia nyumbani kwako, mlango umefungwa, na mimi maharagwe napukuchua peke yangu.

Kuna jambo moja hulijui. Mashina ya chai yalipoanza kung'olewa nilirudi kule ofisini. Nilienda peke yangu, kwa miguu mpaka barabara ya lami. Nilimkuta karani, kijana wa umri wako, ana kikombe cha chai.

"Shikamoo, Mama. Nikusaidie?"

"Nimekuja kusema sikubali."

"Hukubali nini?"

Nikamwambia. Akatafuta, akapata. "Mama, hii imeshapita."

"Najua. Nimekuja kusema sikubali."

"Sawa. Nimesikia."

"Sasa itakuwaje?"

Akakuna kichwa. "Haitakuwa kitu, Mama. Nimesikia tu."

Akanivutia kiti, nikaeleza yote, hata ya mama mkwe. Hakunikatiza hata mara moja. Sikumbuki mtu aliyewahi kunisikiliza vizuri kama kijana yule, na halikubadilika hata jani. Nikakumbuka ulivyoniambia, kwamba ukiitwa baada, jibu lako halisomwi na mtu. Mimi hata kuitwa sikuitwa. Nilijipeleka mwenyewe.

Nimekaa nikifikiria maisha yangu kwa njia hiyo uliyonionyesha, na si jambo la kunifurahisha. Nilipotolewa shule, niliitwa sebuleni nikamkuta mwalimu, baba na mjomba wameshakunywa chai na vikombe ni vitupu. Nikaambiwa. Nikasema asante. Hapo sikuwa na kosa, nilipewa habari. Kwa miaka mingi nilijifariji hivyo, nikidhani kila kitu kilichonipata kilikuwa cha namna hiyo, kimekwisha kabla sijaingia mlangoni. Nikawa mtu wa kusema Bwana ameruhusu.

Lakini si kweli, mwanangu. Mara nyingine niliulizwa kabla. Dada yako Kerubo alinijia pale kwenye jiwe la kufulia, akasema, "Mama, wale watu wa Kiogoro wanataka kuja kuniposa. Unaonaje?" Nikamwambia, "Muulize baba yako." Akasimama na ndoo mkononi. Akasema, "Nimekuuliza wewe." Nikasema, "Kwani mimi nina neno gani?" Nikaendelea kufua. Nilikuwa na neno. Nilikuwa nimemwona yule kijana wao akimvuta punda sikio mpaka punda akapiga magoti. Leo Kerubo akija hapa hukaa ukingoni mwa kiti, simu mkononi, akiitazama isije ikaita asiisikie. Ananiambia yuko sawa. Alikuwa ameniuliza kweli, kabla, na alikuwa tayari kulisoma jibu langu. Mtoto wangu ndiye mtu wa pekee aliyewahi kuniuliza hivyo, nami nikamrudishia maji ya sabuni.

Nimeomba sana juu ya hilo. Nitakuambia ukweli kwa kuwa u mtu mzima: siku hizi naomba kama mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo hajui kama ina watu. Sijaacha kubisha. Lakini zamani nilikuwa nasikia nyayo, sasa sisikii. Mchungaji akisema tumshukuru Mungu kwa kila jambo nainua mkono pamoja na wengine, halafu naona mkono wangu uko juu na mimi niko chini.

Usimchukie baba yako. Alitaka kuacha kuchuma chai ya bei ya kudhalilisha, na kuwa mtu mwenye gari. Gari lenyewe unaliona, liko juu ya mawe nyuma ya choo, kuku wametaga ndani. Kila asubuhi anafungua boneti, anatazama, anafunga. Mtu huyo amevunjika, na anadhani akiuza kidogo zaidi atainuka. Jana aliingia hapa jikoni.

"Mama Momanyi, Jumanne uvae lile gauni la kanisa."

"Kuna nini?"

"Tunaenda bodi."

"Kipande gani?"

Akaniangalia kama nimemdhihaki. "Kimebaki kipi?"

"Na kijana?"

"Kijana anaenda Kigali. Nyumba ya saiga ataila?"

Nikasema, "Mimi sikubali." Nilisema, Momanyi, kwa mdomo wangu. Lakini sauti ilitoka ndogo, na sufuria ilikuwa inachemka.

Akacheka kidogo. "Utasema hivyo mbele ya watu?"

Nikanyamaza. Unaona? Hata hapo, sisi wawili tu na moto, nikanyamaza. Kwa hivyo usinisadiki nikisema safari hii nitaweza. Mimi mwenyewe sijisadiki. Najua nitakaa kwenye benchi ile, najua nitauona ukosi wa shati lake. Na hata nikisema, kuna majirani wanaoambiana kwamba mwenye duka ameshaonekana akipima na kamba pale kwenye migomba. Labda jambo limekwisha tayari na Jumanne tunaitwa tu kupewa habari. Sijui. Naogopa sana kwamba ni hivyo.

Ulisema wiki iliyopita, dada zangu walipokutania kwamba utarudi na mke wa Kinyarwanda, "Nirudi wapi?" Wao walicheka. Mimi niliingia ndani kutafuta kitu ambacho sikuwa nakitafuta. Kijana wetu asiye na mahali pa kusimamisha nyumba si msafiri, ni mtu aliyeondoka. Hilo ndilo linaloniua. Naweza kuishi bila chai na bila migomba. Lakini watu wakija kuniuliza Momanyi atajenga wapi, nitaonyesha nini, vyumba vya walimu?

Sasa nikuambie nilichokuwa nimepanga. Nilitaka kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi, ndani ya lile shati jeupe, uikute ukishafika. Nilifikiri ni upendo. Nilijua ukijua leo utataka kubaki mpaka Jumanne, na Jumanne hiyo hiyo ndiyo wanakungoja ofisini, na kazi kama ile haimngoji kijana wa Nyamira aliyekwama kwenye bodi. Nikasema, acha aende na moyo mwepesi, atajua baadaye. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia hiyo. Nimeshika kalamu, ndipo nikaona ninachokufanyia. Ungefika Kigali, ungefungua, ungesema hapana kwa sauti kubwa ndani ya chumba cha kupanga, na hapana yako isingesomwa na mtu yeyote. Ningekuwa nimekuita sebuleni na vikombe ni vitupu.

Siwezi. Nimefanyiwa hivyo, nimemfanyia dada yako namna yake, sitakufanyia na wewe.

Kwa hivyo nakuuliza kabla. Utabaki Jumanne usimame na mimi, au utaenda? Sikudanganyi ili ubaki: ukibaki huenda ukapoteza kazi na shamba vyote viwili. Ukienda, huenda nikanyamaza tena, na ukipiga simu utanikuta natafuta pa kuhamishia kuku. Sioni njia ambayo tunatoka tukiwa wazima. Nimetafuta. Ukisema unaenda, sitakulaumu hapa duniani wala mbele za Bwana, na Jumapili nitakusindikiza mpaka stendi nikibeba begi dogo. Ila nijibu kwa mdomo wako. Usinyamaze kwa kunihurumia. Huruma ya namna hiyo naijua, ndiyo niliyomhurumia baba yako, na ndiyo imetufikisha hapa.

Jua limefika kwenye mikaratusi ya jirani, bado kidogo sana. Mlango wako nausikia umefunguka, unaita kuuliza kama maji yamepata moto. Yamepata. Nakuletea, na barua iko mkono huu mwingine.

Mama yako